Mwacheni mtaalamu ajibu swali la pili: barua ya wazi kutoka mwaloni

Kwa wakuu wa taasisi za hali ya hewa, uvuvi, maji, mazingira na afya mnaohudumia Kanda ya Ziwa.

YAH: OMBI LA WATAALAMU KURUHUSIWA KUZUNGUMZA NA WANANCHI

Waheshimiwa, husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mama wa dagaa. Nanunua wabichi alfajiri mitumbwi inaporudi, naanika, nauza Mwaloni Kirumba. Pia ni katibu wa BMU, kikundi cha wavuvi na wafanyabiashara wa samaki kinachosimamia mwalo wetu, yaani ufukwe ambao mitumbwi inashushia samaki, huku Ilemela. Kwa mujibu wa makaratasi, katibu anaandika mihtasari ya vikao na kutunza rejesta ya mitumbwi. Kazi yenyewe hasa ni kuwasomea watu. Barua ikija nasoma mimi. Tangazo likiingia kwenye kundi letu la WhatsApp naulizwa mimi: "Mama katibu, hawa wanasemaje?" Na mara nyingi nimesoma mpaka mwisho, Kiswahili chote ni cha kueleweka, hakuna neno geni hata moja, halafu sina cha kumwambia mtu afanye.

Chukueni taarifa ya hali ya hewa. Ni saa kumi jioni, giza la mwezi limeanza, vijana wanapakia nyavu na taa za sola. Simu inalia: angalizo la upepo mkali unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayofikia mita 2 katika baadhi ya maeneo ya Ziwa Victoria. Uwezekano wa kutokea: wastani. Kiwango cha athari: wastani. Nasoma kwa sauti. Nahodha ananisikiliza kwa heshima zote, kisha anauliza: saa ngapi, upande gani, na je, huo ni upepo wa kumzuia mtu asitoke kabisa au wa kumfanya asiende mbali? Sina jibu. Anatazama mawingu upande wa Ukerewe, anawasha injini.

Huyo si mkaidi. Ziwa hili lina kilomita za mraba zipatazo 68,800, na zaidi kidogo ya nusu iko Tanzania. Ghuba ya Mwanza ni kipande kidogo tu huku kusini. Ukimwambia "baadhi ya maeneo" hujamwambia kitu, na tajiri wake anayesubiri dagaa naye hajamwambia kwamba leo apumzike.

Kinachoniuma ni kwamba wataalamu wenu wanajua zaidi ya hicho wanachotuandikia. Kwenye semina moja nilikaa na mtaalamu wa hali ya hewa kwenye benchi nje ya ukumbi, wakati wa chai. Akanieleza kwamba usiku nchi kavu inapoa haraka kuliko maji, kwa hiyo upepo unatoka pande zote za nchi kavu kwenda ziwani, unakutana huko katikati, hewa yenye unyevu inapanda juu na kuzaa radi na dhoruba. Mchana mambo yanageuka, upepo unatoka ziwani, mvua inahamia nchi kavu. Ndiyo sababu dhoruba nyingi za ziwa hili ni za usiku kuelekea alfajiri, saa zilezile ambazo mvuvi wa dagaa yuko mbali na mwalo amewasha taa. Akaniambia pia kwamba rada iliyopo hapahapa Mwanza inaweza kuona wingu la radi likijijenga, ila muda wa kuonya unakuwa wa saa chache tu, si wa siku nzima. Nilielewa kila kitu. Saa moja kabla yake, ndani ya ukumbi, mtu huyohuyo alikuwa amesimama mbele ya slaidi zake akizungumzia "muunganiko wa pepo za nchi kavu katika tabaka la chini la angahewa" na sisi tunamtazama tu. Kwenye benchi alikuwa mwalimu. Sijui ukumbi unawafanya nini watu wenu.

Na mimi mwenyewe nina kesi yangu na mvua. Dagaa aliyeanikwa anataka jua zuri la siku moja. Mvua ikimkuta chini, kesho yake ana harufu, rangi imepotea, bei inashuka mpaka ya chakula cha kuku. Kabla ya vuli kila mwaka tunaletewa utabiri wa msimu: mvua za wastani hadi juu ya wastani. Nyuma ya maneno hayo kuna hesabu iliyonyooka kabisa. Wanachukua mvua za miaka 30, wanatafuta wastani wake, kisha ikinyesha chini ya asilimia 75 ya hapo wanaiita chini ya wastani, ikizidi asilimia 125 wanaiita juu ya wastani. Maana yake msimu wa "wastani" unaweza kupungua kwa robo au kuzidi kwa robo, na mtabiri akawa hajakosea. Kwa mkulima wa mpunga wa Magu hiyo ni taarifa ya kufanyia kazi. Kwangu mimi jumla ya msimu mzima haina msaada; nataka kesho, kati ya saa tatu asubuhi na saa tisa alasiri. Mtaalamu angesema tu, "Mama, utabiri huu haujibu swali lako, angalia ule wa siku," ningeshukuru na kuondoka.

Msiseme haiwezekani. Mwanzoni mwa miaka ya 2010, wavuvi wa Kalangala, kwenye visiwa vya Ssese upande wa Uganda, walijaribishiwa mpango wa kutumiwa tahadhari za hali ya hewa kwa ujumbe mfupi wa simu, wenye rangi za kuonyesha ukubwa wa hatari. Baadaye, kati ya 2017 na 2021, mradi wa HIGHWAY ulizikutanisha taasisi za hali ya hewa za Afrika Mashariki kwa ajili ya tahadhari za ziwa hili, na wavuvi wakaulizwa wanahitaji kujua nini. Kwa hiyo njia inajulikana. Kinachokosekana ni kitu kingine, na nitakifikia kwa kuwasimulia kisa kilichonifanya niandike.

Mwenzetu mmoja anafuga sato kwenye vizimba. Asubuhi moja ya masika alikuta samaki wameelea, matumbo juu. Akapiga picha, akaitupia kwenye kundi. Kabla jua halijapanda tulishapata sababu za kila aina: kuna mtu kamwaga sumu, ni maji ya kiwandani, ni chakula kilichopitwa na muda, ni wivu wa jirani. Jirani mwenyewe yumo kundini, anasoma.

Mchana ofisi husika ikatoa maelezo. Vifo hivyo, walisema, vimetokana na upungufu wa oksijeni iliyoyeyuka uliochangiwa na mchanganyiko wa matabaka ya maji. Basi, hakuna la ziada. Watu wakasoma "mchanganyiko", wakasema si ndiyo hiyo, hata wao wamekubali kuna kitu kimechanganywa kwenye maji.

Jioni kijana mmoja mtafiti, aliyekuwa amejiunga na kundi letu tangu alipokuja kuchukua sampuli mwaloni, akatuma ujumbe wa sauti usiofika dakika mbili. Alisema hivi, au karibu na hivi:

"Shikamooni wazee wangu. Samaki anavuta hewa iliyomo ndani ya maji. Maji ya chini kabisa ya ziwa yana hewa kidogo sana, kwa sababu uchafu unaooza kule chini unaimaliza. Siku nyingi yanabaki hukohuko chini maana ni ya baridi na mazito. Sasa upepo mkubwa ukivuma usiku unasukuma maji ya juu upande mmoja, na yale ya chini yanapanda kujaza nafasi. Samaki wa ziwani akihisi hivyo anakimbia. Wa kwenye kizimba atakimbilia wapi? Mkiona alfajiri samaki wamekuja juu, wanatweta midomo wazi, msiwalishe, chakula kinawaongezea haja ya hewa. Kama kizimba kinavutika, kivuteni kwenye maji yenye kina na yanayotembea. Sumu siwezi kuikataa mpaka sampuli zirudi, ila dalili ninazoziona ni za kukosa hewa."

Akaulizwa: mbona vizimba vya jirani havikupoteza samaki hata mmoja? Akajibu kwamba vile viko nje ya rasi, kwenye mkondo, na hivi viko ndani ya kighuba ambako maji yanasimama. Akaulizwa kama samaki wale wanalika. Akasema wasiliwe wala wasiuzwe mpaka majibu yatoke. Mzee mmoja akataka kujua kwa nini iwe alfajiri na si mchana. Akamwambia mchana mimea midogo ya majini inatengeneza hewa kwa jua, usiku nayo inatumia, kwa hiyo kabla ya kupambazuka ndiyo saa ambayo hewa imebaki kidogo kuliko saa zote. Yule mzee amevua miaka yote ya maisha yake. Akajibu, "Ndiyo maana!" Sijui alikuwa ameliona jambo gani alfajiri zote hizo, lakini siku hiyo liliunganika. Jirani naye akaandika, "Asante mwanangu."

Kesho yake asubuhi nilifungua simu nikakuta: Ujumbe huu umefutwa. Ujumbe huu umefutwa. Ule wa sauti, na yale majibu yake yote. Nilipompigia aliniambia kwa upole kwamba ofisini ameelezwa kuwa yeye si msemaji wa taasisi. Jioni akajitoa kwenye kundi.

Nafasi yake haikukaa wazi. Ameichukua muuza chakula cha samaki, ambaye anajibu kila swali, usiku na mchana, bila kuomba ruhusa kwa mtu. Ugonjwa wowote utakaomwelezea, dawa yake ni kununua chakula chake.

Waheshimiwa, hilo ndilo ninalotaka kuwaambia. Tumezoea kusema wataalamu hawajui kuzungumza na watu wa kawaida, wapewe mafunzo ya mawasiliano, waletwe kwenye warsha. Wengine wanayahitaji, sikatai. Lakini wengi niliokutana nao wanajua kueleza vizuri sana wakiwa kwenye benchi. Tatizo ni kwamba mfumo wenu unaruhusu jibu la swali la kwanza tu, kwa maandishi, likiwa limepita mezani kwa watu wanne na kila mmoja amelipunguza uhai kidogo. Swali la pili halina mwenyewe.

Na swali la pili ndilo lenye kazi. Angalieni kile kipimo cha sangara cha sentimita 50 hadi 85, kilichokataza kuvua wadogo kuliko hapo na wakubwa kuliko hapo. Kilipoanza kusimamiwa, swali la kwanza, ruhusa ni ukubwa gani, lilijibiwa kila mahali: mabango, semina, rula za mbao. Mvuvi akauliza la pili: mdogo naelewa hajazaa, huyu mkubwa kosa lake nini? Jibu lipo na wala si gumu. Sangara jike huchelewa kupevuka, na akishakuwa mkubwa anabeba mayai mengi kuliko wadogo wengi wakiwekwa pamoja. Ukimwacha yeye umeacha mbegu. Mwaloni hapa lilitufikia kwa kuokotezaokoteza. Akauliza la tatu: akishakuwa ameshakufa kwenye wavu wangu, nikimrudisha majini anaozea huko, nani amefaidika? Hapo sasa mtaalamu wa kweli angekiri kwamba ni hoja nzito, kwamba samaki aliyekufa hazai, na kwamba kanuni ilikuwa inatazama aina ya nyavu mtu atakazonunua mwakani kuliko samaki mmoja wa leo. Sisi tulijibiwa na doria.

Mkitaka kuona gharama ya kunyamaza baada ya kutoa tamko, kumbukeni Mto Mara, Machi 2022. Maji yaligeuka meusi, samaki wakafa, wananchi wakakatazwa kuyatumia. Kamati ya wataalamu ikaundwa, ikarudi na matokeo kwamba chanzo kikubwa ni kinyesi na mikojo ya mifugo pamoja na mimea iliyooza, vilivyomaliza oksijeni ya maji. Nchi nzima ikacheka. Huku mwaloni ng'ombe walisingiziwa kila kitu kwa miezi kadhaa. Mtu akikosa samaki, ni ng'ombe. Watu walikuwa wanawaza sumu ya mgodi wa dhahabu ulio karibu na mto huo, na hakuna aliyekaa nao kuwaeleza ni kwa namna gani mgodi umeingizwa kwenye uchunguzi na kutolewa.

Siandiki kuitetea ile kamati wala kuipinga. Nasema hivi: kinyesi kuua samaki si kichekesho. Mwaka 2018 watafiti waliofanya kazi kwenye mto huohuo upande wa Kenya, huko Maasai Mara, walichapisha matokeo yanayoonyesha kwamba kinyesi cha viboko kinajikusanya kwenye madimbwi wakati wa kiangazi, mvua kubwa ikija inakisomba chote kwa mkupuo, oksijeni ya mto inaporomoka na samaki wanakufa. Hicho ni kitu ambacho mtu wa Rorya au Butiama anaweza kukielewa akiwa amesimama kwenye boma lake, kwa sababu anajua kiangazi kinaacha nini ardhini na mvua ya kwanza inasomba nini. Angeelezwa hivyo, angeuliza la pili: mbona ng'ombe tumekuwa nao tangu babu zetu, na mto haukuwa mweusi? Halafu la tatu: mlipima wapi, juu ya mgodi na chini yake, siku ngapi baada ya samaki kuanza kufa, na mlitafuta kemikali zipi? Hayo ni maswali halali ya kitaalamu. Yalikuwa yanaulizwa na wavuvi na wauza mitumba, tena kwa lugha ya matusi wakati mwingine, lakini yalikuwa ndiyo maswali yenyewe. Badala ya kujibiwa yakachukuliwa kama ukosefu wa adabu.

Upande wa afya mna mfano mbaya na mzuri kwa pamoja. Mwaka 2008 huko Morogoro wanafunzi waligawiwa dawa za kichocho shuleni, baadhi wakatapika na kuishiwa nguvu, uvumi ukaenea kwamba watoto wanakufa, wazazi wakavamia shule kwa hasira na zoezi likasimama. Dawa ilikuwa ileile inayotumika duniani kote, na kichefuchefu chake kinajulikana, hasa mtoto akimeza na njaa au akiwa na minyoo mingi. Wazazi ndio hawakujua. Huku kwetu, kwenye ufukwe wenye kichocho kama huu, nilimwona muuguzi mmoja akiwaita wazazi siku moja kabla. Akawaambia watoto wale kwanza, wengine watatapika au tumbo litawauma kwa saa kadhaa na kisha litatulia, na atakayezidiwa yeye yupo hadi jioni. Kisha akasema jambo ambalo nadhani wakubwa wake wasingependa aliseme: "Dawa hii inaua minyoo iliyoko mwilini leo. Haikingi. Mtoto akirudi kuoga ziwani, konokono wapo, atapata tena." Mama mmoja akauliza, sasa kuna faida gani? Muuguzi hakukasirika. Akamjibu kwamba minyoo ikikaa miaka inaharibu ini, tumbo linajaa maji, kwa hiyo kila ukiipunguza unaliokoa ini, hata kama utaipunguza tena mwakani. Siku ya dawa watoto walikuja. Kadhaa walitapika, na wazazi wao walikuwa wamekaa chini ya mwembe na uji kwenye chupa za chai.

Nisiwaonee wataalamu peke yao. Sisi pia tuna makosa. Mtaalamu akija kwenye kundi tunamrundikia maswali arobaini kwa mpigo, yakiwemo ya mkopo na ya barabara. Tunasambaza sauti za watu wasiojitaja wanaodai ziwa litapasuka. Mtu akisema "inawezekana" tunamnukuu amesema "hakika", na isipotokea tunamwita mwongo. Mwaka 2020 ziwa lilipojaa hadi kuingia kwenye nyumba za watu, ilitosha mtu mmoja kusema Uganda wamefunga maji kule Jinja, ziwa linakotokea kuingia Mto Nile, nusu ya mwalo ikaamini. Na yule aliyejaribu kueleza kwamba sehemu kubwa ya maji ya ziwa hili, karibu asilimia 80, ni mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe, aliulizwa anatumwa na nani. Kwa hiyo naelewa kwa nini mtaalamu anachoka. Kwenye BMU tumeanza kuweka utaratibu wetu: maswali yanakusanywa na katibu, yanayofanana yanaunganishwa, matusi yanabaki kwangu.

Kutoka kwenu tunaomba waraka. Ukurasa mmoja tu, wenye saini, unaosema afisa wa ugani, mtafiti, mtabiri au muuguzi anaweza kumjibu mwananchi kwa mdomo, kwa simu au kwa ujumbe wa sauti juu ya jambo lililo ndani ya taaluma yake, bila kuomba kibali kila mara. Msemaji wa taasisi abaki na yale yanayomhusu: sera, kesi, idadi ya waliofariki kwenye ajali, mambo yaliyo mikononi mwa polisi. Namna oksijeni inavyopungua kwenye maji haihitaji msemaji. Na mtaalamu akikosea kwa nia njema, arekebishwe palepale mbele ya watu, asifutwe.

Pili, kazi hiyo ihesabiwe. Najua watumishi wenu wanajaza majukumu yao kwenye PEPMIS, ule mfumo wa kompyuta wa kupima utendaji wa watumishi wa umma. Kijana yule alitumia jioni nzima kutujibu na hakuna mahali pa kuiandika, ila angehudhuria warsha ya siku mbili hotelini kuhusu ushirikishwaji wa wananchi, ingeandikwa na posho juu. Wekeni hapo kipengele cha maswali ya wananchi aliyojibu. Bando mmpe pia. Sisi tutachangia likipungua.

Na kabla tangazo halijatoka, asomewe mtu mmoja wa mwaloni. Mmoja tu anatosha, msifanye kikao. Asomewe kwa sauti, kisha aulizwe, "Sasa utafanya nini?" Akisema hajui, tangazo halijaisha kuandikwa. Kama hamjui jambo fulani bado, andikeni kwamba hamjui na ni lini mnatarajia kujua, kama alivyosema yule kijana kuhusu sampuli. Hakuna aliyemdharau kwa sentensi ile. Kwa kweli ndiyo iliyofanya wengine waamini zilizobaki.

Tungependa kuanza na hali ya hewa, kwa sababu hiyo ndiyo inayoua watu wetu. Wekeni mtabiri mmoja wa zamu atakayepokea maswali ya makatibu wa mialo kuanzia saa tisa alasiri hadi saa kumi na mbili jioni, siku za giza la mwezi ambazo mitumbwi ya dagaa inatoka. Sisi tutamtumia upande tunaokwenda na saa ya kurudi. Yeye atuambie anachokiona na ana uhakika kiasi gani. Tutajaribu kwa giza tatu, tuandike kila usiku alisema nini na ziwa lilifanya nini, kisha tukae tulinganishe.

Jibu lenu linaweza kuwa la maandishi au la sauti. La sauti litasikilizwa na wengi zaidi.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Katibu wa BMU,
Ilemela, Mwanza.

Nakala: Mbao za matangazo, mwaloni.
Nakala: Kijana aliyejitoa kwenye kundi. Kiungo cha kurudi ni kilekile.